Boliti Iliyofungwa Kwenye Puti

Siku ya tatu baada ya kumzika mama yake, yule wakili alifika kituoni saa mbili kamili asubuhi, suti imenyooka, macho yamevimba, mkononi karatasi mbili zilizopigwa chapa. Hakusalimia. Alizilaza juu ya meza ya Inspekta, akazigeuza zimwelekee.

"Namshtaki mdogo wangu kwa mauaji," alisema. "Kila kitu kimo humo."

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwenye tabia ya kusoma karatasi mara mbili kabla ya kumtazama aliyeileta. Mara ya kwanza alisoma harakaharaka. Ya pili alisoma na kalamu mkononi.

Habari yenyewe aliijua. Jumamosi saa nne asubuhi, gari la zamani la marehemu baba yao, lililotoka gereji wiki moja tu kabla, liliacha njia kwenye mteremko wa kuingia mjini likagonga ukuta wa daraja dogo. Aliyeliendesha ni huyo mdogo, ambaye kazi yake ni udereva wa lori. Alivunjika paja na mbavu tatu. Mama yao, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa ule, alikuwa kiti cha mbele. Hakufika hospitali.

"Umeandika kwamba paipu ya breki ilikatwa," Inspekta alisema.

"Nimeiona kwa macho yangu. Nilikwenda uani kwenu, gari lilipowekwa, kuchukua mkoba wa mama."

"Nani alikuruhusu kuingia uani?"

Wakili alinyoosha tai yake. "Mimi ni wakili."

"Basi unajua kwamba hukupaswa kuingia."

"Inspekta, usinikalie kooni mimi. Mkalie yeye."

"Kila mtu atakaliwa kwa zamu yake. Mna ugomvi?"

"Hatujasemezana vizuri tangu baba afe. Mwaka wa kumi na moja huu. Baba aliacha gari zima, ukigeuza ufunguo mara moja linawaka. Mimi naishi mbali, nikamwachia yeye alitunze kwa sababu anakaa na mama. Alichofanya ni kulisukuma bandani na kulisahau. Banda linavuja, yeye anaangalia tu. Nilipomuuliza akaniambia gari si mtoto, halilii."

"Na ukarabati?"

"Wazo la mama. Alitaka tupige picha studio, sisi watatu, na gari la baba nje. Nilichukua likizo kwa ajili hiyo. Nilikuwa pale studio nawasubiri. Dakika arobaini. Nikapiga simu mara tatu nimgombeze kwa kuchelewa." Neno la mwisho alilisema akitazama dirishani.

"Sasa mama yenu amekufa, mdogo wako anapata nini?"

"Nyumba."

"Nani mwingine anapata nyumba hiyo?"

Wakili alikunja uso. "Mimi," alisema.

Inspekta aliandika neno hilo moja, akapiga mstari chini yake, akamwomba atie sahihi.

*

Kabla ya kwenda uani alipitia darajani na konstebo mmoja na futi ya kupimia. Magari yalipita yakipiga honi, madereva wakichungulia. Barabarani palikuwa na michirizi miwili myeusi ya matairi, sambamba, imenyooka kwa hatua kumi na moja. Kisha ule wa kushoto ulikatika, na mahali pake ukaanza mkwaruzo mweupe uliochimba lami hadi ukutani. Ule wa kulia uliendelea ukipinda.

"Afande," konstebo aliuliza, "kama breki hazikuwepo, hii michirizi imetoka wapi?"

"Pima kwanza. Maswali baadaye."

Lakini swali lilikuwa zuri, na aliondoka nalo.

Mkaguzi wa magari alikuwa anamsubiri uani, mzee mwembamba, bado miezi minne astaafu, kwenye kidole cha shahada ameviringisha uzi wenye sumaku ndogo. Gari lilikuwa limeegemezwa ukutani, rangi ya krimu, inang'aa kiasi kwamba mtu angeweza kunyolea ndevu mlangoni. Mbele lilikuwa limekunjamana kama karatasi ya maandazi.

"Limenizidi umri hili," Mkaguzi alisema. "Limenizidi na uzuri. Angalia nikeli hizo kwenye vitasa. Mtu aliyepaka rangi hii ana mkono, usimnyime sifa yake."

"Anza na breki."

Mzee alipiga magoti polepole, huku akiyatolea magoti yake maneno mabaya. Alivuta ncha ya paipu nyembamba iliyoning'inia nyuma ya tairi la kushoto, akaileta kwenye mwanga.

"Ukikata paipu kwa koleo, inabanwa. Ncha inakuwa bapa kama mdomo wa bata. Hii je?"

Inspekta aliinama. Ncha ilikuwa imechongoka, nyembamba kama uzi wa chuma. "Imevutika."

"Imevutwa hadi ikakatika. Na mafuta ya breki yamerukia hapa ndani, na pale ukutani kwenye daraja. Mteremkoni kote kabla ya daraja, je, uliona tone?"

"Hakuna. Na matairi yaliburuza hatua kumi na moja."

"Basi breki zilikuwa nzima. Alikanyaga na zikashika. Kilichofuata ni kwamba tairi la mbele kushoto liliondoka na kila kilicholishika, likaivuta paipu likaondoka nayo."

"Liliondokaje?"

Mkaguzi alijikokota hadi mlangoni. Alikunjua uzi, akaiacha sumaku ining'inie karibu na kizingiti cha mlango, pale chini watu wanapokanyaga wakiingia. Sumaku ilipita juu ya rangi ya krimu ikicheza huku na huku. Haikunasa. Akaisogeza mbele, nyuma, chini ya mlango wa nyuma. Haikunasa popote.

"Gari la chuma lisilopendwa na sumaku," alisema. Mzaha ulikuwa umemtoka sautini.

Alichukua bisibisi akagonga. Mlio ulikuwa mzito, kama wa ukuta wa udongo. Akagonga kwa nguvu zaidi, na kipande kikubwa kama sahani kikabanduka kikaanguka miguuni kwao: juu krimu, chini kijivu, unene wa vidole viwili.

"Puti," alisema. "Ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bodi kabla ya rangi. Unaruhusiwa kupakwa mwembamba kama siagi kwenye mkate. Huyu amejengea nyumba."

Nyuma ya kipande hicho palikuwa na tundu. Chuma kilichobaki pembeni yake kilikuwa na rangi ya kahawa, na Mkaguzi alipokishika kwa vidole kilimong'onyoka. Ndani ya tundu palisokomezwa karatasi za gazeti ili puti ipate pa kushikilia. Inspekta alivaa glavu, akazitoa moja moja, akazikunjua juu ya boneti. Kurasa za michezo. Matangazo ya vifo. Alitafuta pembe yenye tarehe, akaipata.

"Mwezi wa pili mwaka huu."

"Na gari liliingia gereji lini?"

"Mwezi wa kwanza." Aliitia ile karatasi kwenye bahasha, akaandika juu yake. "Endelea. Mama alikaa wapi?"

Walizunguka upande wa abiria. Kiti kilikuwa kimeng'oka na kulala ubavu, miguu yake minne imeshika vipande vya sakafu: bati jembamba la makopo, bado lina maandishi ya mafuta ya kupikia upande wa ndani. Mkanda wa kiti ulikuwa mpya, mweusi, umefungwa vizuri kwenye kifungio chake. Inspekta aliuvuta polepole kutoka chini. Ulikuja wote. Mwishoni mwake ilikuwepo boliti ndefu, mpya, inang'aa, na kwenye boliti lilikuwepo donge la puti kubwa kama ngumi ya mtu mzima.

Wote wawili walilitazama.

"Mama yule alifunga mkanda," Inspekta alisema.

"Alifunga."

"Ungeshika?"

"Kwa spidi ile? Kama ungefungwa kwenye chuma, angetoka na kifua kinachouma."

Inspekta aliupiga picha kila upande, akaandika namba, akaufunga kwenye mfuko. Aliponyanyua kichwa aliona kwamba Mkaguzi ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi.

"Kuna karatasi moja hujaiuliza," mzee alisema. "Cheti cha ukaguzi. Gari haliwezi kuingia barabarani bila hicho."

"Nimekiomba ofisini. Hakijaletwa."

"Kitakapoletwa utaona sahihi yangu."

Inspekta alifunga daftari lake. Kisha akalifungua tena, ukurasa mpya.

"Ulilikagua?"

"Nililiona. Lililetwa saa sita, kuna jua kali, chini limepakwa lami nyeusi mpya, linanukia usafi. Taa, honi, breki, vyote vizuri. Magoti yananiuma, Inspekta. Sikuingia chini. Sikutoa sumaku mfukoni. Nililizunguka nikilisifia kama bibi harusi, nikapiga muhuri."

"Kwa nini hukuniambia tangu asubuhi?"

"Nilikuwa naomba Mungu nikute paipu imekatwa."

Inspekta aliandika hilo pia. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo mzee huyu ndiye aliyemfundisha kusoma michirizi ya matairi.

"Kuanzia sasa wewe ni shahidi," alisema. "Nitaomba mkaguzi mwingine arudie kila kitu. Usiliguse tena hili gari. Na hiyo sumaku nipe, nayo ni kielelezo."

Mzee aliufungua uzi kidoleni. Akaiweka sumaku juu ya daftari.

*

Gereji ilikuwa na bango kubwa kuliko paa lake: TUNAFUFUA MAGARI YA ZAMANI. Ukutani ofisini palikuwa na picha za magari, moja baada ya jingine, yote yanameremeta, na pembeni ya kila moja amesimama mtu mnene mwenye ovaroli safi. Watu walimwita Fundi Kioo, kwa sababu mteja aliweza kujitazama kwenye rangi yake.

"Poleni na msiba," Fundi Kioo alisema akiburuta kiti na kukifuta vumbi. "Mama yule alikuwa kama mama yangu. Alikuwa anakuja hapa kila wiki na chupa ya chai. Karibu, Inspekta."

"Nitasimama. Ulifanya nini kwenye lile gari?"

"Rangi. Nikeli. Viti nimevivisha ngozi mpya. Taa nimeagiza mbali."

"Na sakafu?"

"Sakafu nililikuta nayo hivyohivyo. Fundi wa zamani huko nyuma alishaichezea. Mimi ni mtu wa rangi, sikuingia huko."

"Mdogo mtu alipolichukua ulimwambia nini kuhusu sakafu?"

"Sikumbuki."

Inspekta alitoa nakala ya karatasi iliyokutwa mfukoni mwa dereva hospitalini, hati ya kukabidhiwa gari. Aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. "'Rangi mpya. Viti vipya. Sakafu yote imetolewa, limewekwa bati jipya.' Sahihi ni ya nani?"

Fundi Kioo alilamba midomo. "Hayo ni maneno ya kufurahisha mteja tu. Kila gereji inaandika."

"Kwa hiyo puti iliyokuwa kizingitini ni ya fundi wa zamani."

"Ndiyo."

"Alikuwa mtabiri, huyo fundi wa zamani." Aliweka juu ya meza picha ya gazeti. "Alizibia tundu kwa gazeti la mwezi wa pili mwaka huu. Gari likiwa humu ndani mwako."

Nje mtu alikuwa anapiga msasa. Fundi Kioo alimpigia kelele anyamaze. Msasa ulipokoma, ofisi ilionekana ndogo zaidi.

"Nani alichomelea?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna aliyechomelea?"

"Mchomeleaji wangu aliacha kazi mwaka jana. Mimi sijui kuchomelea, Inspekta. Sikuwahi kujua. Mkono wangu ni wa rangi." Alijitazama mikono. "Nilipong'oa zulia nikaona nje. Naona saruji ya gereji yangu kupitia sakafu ya gari. Pale mkono wa tairi unapofungwa palikuwa pamebaki kama biskuti iliyolowa. Kazi ile ilitaka mtu anayejua chuma, miezi mitatu, minne."

"Kwa nini hukulirudisha?"

"Umeona bango?" Alicheka bila furaha. "Nitamwambia nani kwamba nafufua magari ila sijui kuchomelea? Watu wanakuja na picha za baba zao. Wanataka lile gari lililo kwenye picha. Ukiwapa rangi wanalia machozi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama."

"Mkanda wa abiria alifunga nani?"

"Mimi mwenyewe. Mama aliniomba, gari la zamani halikuwa nao. Nilikaza boliti mpaka ikagoma."

"Iligomea kwenye nini?"

Fundi Kioo aligeukia picha zake ukutani.  Inspekta aliuliza tena, kwa sauti ileile.

"Kwenye puti," Fundi Kioo alisema. Kisha, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo, akafungua droo, akatoa simu. "Lakini si peke yangu. Nilisema. Nilimwambia mwenyewe. Soma."

Jina kwenye simu lilikuwa Mama Mkunga. Ujumbe wa kwanza ulikuwa picha ya tundu, na chini yake Fundi alikuwa ameandika: *Mama hapa chini hakuna bati tena, atafutwe mtu wa chuma, gari hili si la kutembea.* Jibu lilikuja siku hiyohiyo, jioni. Inspekta alilisoma mara mbili.

*Fundi mwanangu, wewe ziba na upake rangi, wanangu wasione. Mkubwa akijua limeoza hivi atamtafuna mdogo wake tena, na mimi sina nguvu ya kuamulia ugomvi mwingine. Hatuendi mbali. Ni mpaka studio na kurudi tu.*

"Unaona?" Fundi Kioo alisema. "Aliniomba. Alikuja hapa akanililia. Ningemkataliaje mama wa watu?"

"Kwa mdomo."

"Angekwenda kwa mwingine."

"Labda mwingine angekataa." Alitoa mfuko, akaitia simu ndani. "Mama hakujua boliti inafungwa kwenye nini. Alikuomba umfiche mwanawe kutu. Hukumwambia kwamba ukificha, gari linakatika. Ulimwambia?"

"Niliandika 'si la kutembea'."

"Kisha ukamkabidhi dereva ufunguo, na karatasi inayosema bati jipya." Alimwita konstebo aliyesubiri mlangoni. "Funga gereji. Mtu yeyote asitoe kitu. Wewe unakuja na mimi."

Fundi Kioo aliomba ruhusa ya kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Kisha akaivua ovaroli yake safi, akaikunja vizuri, akaiweka kitini.

*

Mdogo mtu alikuwa wodi ya pili, mtu mkubwa kuliko kitanda chake, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito. Alimwona Inspekta akajaribu kujiinua, mbavu zikamkatalia.

"Lala hivyohivyo. Nina maswali machache. Ulipokuwa mteremkoni, uliona nini?"

"Nilisikia. Kama mtu amevunja ubao. Stelingi ikawa nyepesi, inazunguka tu mikononi. Nikakanyaga breki. Mama akasema, 'Taratibu, baba.' Basi."

"Ulijua sakafu ilikuwa imeoza?"

Alifumba macho. "Nilijua. Kama miaka mitano iliyopita niliinua zulia upande wa dereva nikaona mchanga. Nikalirudisha zulia."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mama ataumia. Na akijua mama, kaka atajua, na kaka akijua..." Hakumaliza. "Fundi aliponiambia ametoa sakafu yote nikashukuru Mungu. Nikasema hii aibu imekwisha bila mtu kuiona. Sikuinama kuangalia, Inspekta. Mimi ni dereva, lori langu nalikagua kila asubuhi, naingia mpaka chini. Lile sikuinama. Niliogopa nitakachokiona."

"Mama yako alijua."

Alifumbua macho. Inspekta alimsomea ujumbe kutoka kwenye nakala, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza. 

"Kwa hiyo alijua," mdogo mtu alisema. "Mimi namficha yeye, yeye anaficha kwa ajili yangu. Tunakula meza moja kila siku." Machozi yalimtiririka hadi masikioni na hakuweza kuyafuta. "Usimwonyeshe kaka."

"Amekushtaki kwa mauaji. Hii inakusafisha."

"Ndiyo, lakini usimwonyeshe. Mwache anichukie, ameshazoea, na mimi nimeshazoea. Akisoma hayo atajua mama alikuwa anamwogopa. Mtoto mkubwa wa mama. Atakwenda wapi na hilo?"

"Faili si langu, na si lako. Ana haki ya kulisoma, na kazi yake ni kusoma mafaili."

"Basi msomee wewe. Usimwachie asome peke yake."

*

Wakili alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya wodi. Alikuwa ameitwa, na alikuja na kalamu yake tayari.

"Umemkamata?" aliuliza.

"Nimemkamata fundi. Kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na kwa hati ya uongo. Mkaguzi aliyelipitisha gari naye atajibu. Breki hazikukatwa. Mdogo wako alizikanyaga, na zilishika."

"Niliona paipu—"

"Uliona paipu iliyokatika. Yaliyobaki uliyaleta mwenyewe." Alimweleza kuhusu sumaku, puti, gazeti, boliti, kila kimoja kwa mpangilio wake, naye alisikiliza kichwa kimeinama, akiandika. Aliandika vizuri, kwa herufi ndogo. Alipofika kwenye neno *puti* aliuliza linaandikwaje.

"Na kwa nini fundi hakukataa?" alisema. "Lazima kuna mtu alimpa maelekezo. Nataka kujua nani."

"Nitakusomea."

"Nipe nisome mwenyewe."

"Nimeombwa nikusomee."

Alimsomea. Kalamu ya Wakili ilisimama katikati ya sentensi ya pili.

"'Atamtafuna'," alisema. "Ndivyo alivyoandika?"

"Ndivyo."

"Neno lenyewe hilo?"

"Neno lenyewe."

Alivua miwani, akaisafisha kwa ncha ya tai, akaivaa. "Ujumbe huu hauhusiani na chanzo cha ajali," alisema kwa sauti yake ya mahakamani. "Ni maoni ya familia. Unaweza kuondolewa kwenye jalada."

"Ndiyo sababu gari lilizibwa. Hautaondolewa."

"Aliniambia kwenye simu," alisema, na ile sauti ya mahakamani ilikuwa imempotea. "Wiki ile ile. Aliniambia, baba, gari limekuwa jipya. Nikamwambia afadhali, maana nilikuwa nakuja kumfundisha yule adabu. Akacheka. Nilidhani anacheka."

 Muuguzi alipita na sinia la dawa, wakakunja miguu apite.

"Naondoa malalamiko yangu," Wakili alisema.

"Andika. Tarehe, saa, sababu."

Aliandika palepale, karatasi juu ya goti. Penye sababu alikaa muda mrefu. Mwishowe akaandika *nilikosea*, akatia sahihi, akampa.

"Yupo macho?"

"Yupo macho."

Wakili alinyoosha koti lake, akausukuma mlango wa wodi. Inspekta alibaki ukumbini, lakini mlango haukujifunga vizuri, na aliwaona wote wawili. Mdogo mtu alimwona kaka yake amesimama mlangoni, na kabla hata hajaambiwa neno akainua mkono mmoja mbele ya uso wake.

"Kaka, nilikuwa naendesha taratibu."

"Najua," Wakili alisema.

"Arobaini haifiki. Waulize watu wa pale, waliona."

"Najua."

"Sikuwa nakimbia. Tulichelewa kutoka kwa sababu mama alirudi ndani kubadilisha viatu, si mimi. Mimi nilikuwa tayari tangu saa mbili. Muulize jirani, alinikuta nimekaa nje."

"Najua, mdogo wangu. Najua."

Lakini yeye aliendelea kujitetea, pumzi zikimkata, akitaja majirani, saa, na kona moja moja tangu nyumbani, na kaka yake alisimama mwisho wa kitanda akirudia neno lile lile bila kupata pa kuliingiza.